Vijana wa uanagenzi gereji: wafundishwe nini sasa magari yanapohamia kwenye haibridi, gesi na umeme?

GerejiTandika

Habari za kazi wakuu. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii kwa undani.

Gereji iko Tandika, Dar. Kuna vijana watano wa uanagenzi, miaka 18 hadi 22, wawili wao wasichana, wote wamemaliza kidato cha nne. Kazi za mkono wanaziweza: oili, breki, plagi, bushi, boljointi, kushusha injini na kuirudisha. Tatizo ni kwamba gari linaloingia leo si lile walilofundishiwa. IST na Vitz bado ni nyingi, ila katikati yake zinaingia Aqua na Prius za haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), teksi na bajaji zimefungwa mitungi ya gesi, na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana barabarani. Gari likija na taa ya cheki injini, kijana anabadilisha sensa, anafuta kodi (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari), mteja anaondoka. Siku mbili baadaye mteja karudi, taa inawaka vilevile.

Nataka niwape miezi sita ya mafunzo yenye mpangilio, saa moja na nusu kila jioni na nusu siku Jumamosi, ili hata wakiondoka hapa waajiriwe popote au wajiajiri. Nianze na nini? Ninunue mashine ya kupimia kwanza, au niwapeleke kozi? Haibridi na gesi niwaingize lini? Na vyeti je, maana hakuna hata mmoja mwenye cheti cha ufundi.

---

MwalimuWaKarakana

Mkuu, mashine iache kwanza. Kijana asiyejua kupima volti, ukimpa mashine atasoma kodi na kukimbilia dukani kununua spea, yaani ugonjwa uleule unaoulalamikia, ila sasa kwa gharama kubwa zaidi. Haibridi, gesi na pikipiki ya umeme zote zinakutana mahali pamoja: umeme, na uwezo wa kuupima. Anayejua kupima vizuri kwenye gari la petroli ana pa kuanzia hata siku atakapoletewa chombo ambacho hakuna mtu gereji nzima aliyewahi kukiona. Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza iwe umeme wa volti 12 tu, na usiwaonee huruma.

Tengeneza ubao wa mazoezi. Chukua plaiwudi, funga betri ya volti 12, fyuzi boksi ya gari lililokufa, relei tatu za pini nne (swichi zinazoendeshwa na umeme), swichi ya taa, taa mbili za H4, honi, na mota ya waipa. Nyaya zipite nyuma ya ubao ili kijana asizione. Kwenye gari pia hazionekani. Kabla ya kuwasha chochote apige hesabu kwa kalamu: balbu ya wati 55 kwa volti 12 inakula karibu ampea 4.6, mbili ni kama 9.2. Fyuzi ya ampea 10 iko ukingoni, ya 15 inatosha, na waya lazima uwe mnene wa kubeba hizo 15 bila kupata moto. Hesabu hii inaonekana ya kitoto, lakini kuna magari mangapi yameungua kwa sababu mtu alifunga taa za ziada akaweka fyuzi ya 30 "ili isikatike"?

Relei waijue kwa moyo: 85 na 86 ni koili, 30 inapokea, 87 inatoa. Koili nyingi za relei ya volti 12 husoma kati ya omu 60 na 100. Ikisoma wazi kabisa, koili imekatika. Koili ikiwa nzima na relei inapiga "tik" lakini umeme haupiti, kontakti ndani zimeungua. Hapo wengi hudanganyika kwa ule mlio.

Kila jioni kijana mmoja apandikize hitilafu nyuma ya ubao: ethi (njia ya umeme kurudi hasi kupitia chuma cha gari) iliyolegezwa, waya uliokatwa ndani ya mpira wake, terminali yenye kutu, fyuzi iliyokatika pembeni ambako jicho halioni. Mwingine aitafute kwa multimita ndani ya dakika 15. Sharti liwe moja na lisivunjwe: haruhusiwi kuchomoa wala kubadilisha kitu mpaka ataje kipimo kinachomwonyesha tatizo liko wapi. Ukilegeza sharti hilo, miezi yako sita imepotea.

Wakishauzoea ubao, wahamie kwenye gari. Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Injini ikiunguruma, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5, ingawa magari mapya yenye chaji inayoongozwa na kontrol boksi (kompyuta ya gari) huweza kucheza nje ya hapo kwa makusudi. Gari likilala, baada ya kama nusu saa ya kontrol boksi zote kuzima, umeme unaoibwa usizidi ampea 0.05.

Halafu kuna kipimo kinachotofautisha fundi na mbahatishaji, nacho ni kupima volti zinazopotea njiani. Multimita ikiwa kwenye omu inapitisha umeme kidogo mno, kwa hiyo waya wa stata uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utasoma sifuri kama waya mzima. Kijana ataapa kwamba ni mzima. Sasa mwambie aweke kwenye volti, ncha moja aishike kwenye risasi yenyewe ya nguzo hasi ya betri (si kwenye klipu), nyingine kwenye chuma cha injini, mwenzake apige stata. Ikizidi volti 0.2, njia ya ethi ni mbovu. Ikisoma 0.8, asiguse stata: afungue ethi, asugue mpaka chuma king'ae, akaze, apime tena. Stata nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya boliti moja yenye kutu.

Onyo la multimita: waya mwekundu ukisahaulika kwenye tundu la ampea 10 kisha mtu akapima volti za betri, ni shoti ya moja kwa moja. Ya bei rahisi isiyo na fyuzi kwenye tundu hilo inaweza kumlipukia mkononi. Wazoee kurudisha waya kwenye tundu la volti kila wanapomaliza.

Mwisho wa mwezi wa pili watahini: hitilafu kumi kwenye ubao na gari, apate nane. Asiyefika arudie, hata kama mikono yake ni mizuri kwenye spana.

---

Rewaya_Kinondoni

Naungana na mwalimu kwa yote. Niongeze mwezi wa tatu na wa nne, hapo ndipo mashine inaingia.

Kitu cha kwanza cha kuwakaririsha: kodi haitaji spea iliyokufa, inataja kilichoonekana si cha kawaida. Chukua P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi au petroli kidogo upande wa kwanza. Mafundi wengi wanasoma hiyo na kununua sensa ya oksijeni. Masikini ile sensa ndiyo iliyotoa taarifa ya kweli! Wakupe majibu kabla ya kununua: mashine ifunguliwe kwenye data hai (vipimo vya gari likiwa linafanya kazi), waangalie masahihisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yakicheza ndani ya asilimia 10 kujumlisha au kutoa, hakuna shida kubwa. Sasa kama gari likiwa sailensi (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta) linaongeza asilimia 20, ukilipandisha mizunguko 2,500 kwa dakika inashuka karibu na sifuri, kuna hewa ya wizi inaingia baada ya sensa ya hewa: mpira uliopasuka, gasketi ya manifoldi, bomba la vakyumu limechomoka. Hewa hiyo ni ileile kiasi chake, ila injini ikivuta nyingi haionekani tena. Ikiwa kinyume, sailensi sawa lakini ukipanda mlima inaongeza, basi petroli haitoshi: chujio, pampu, au sensa ya hewa imechafuka inahesabu pungufu.

Hiyo aya moja wakiielewa mpaka wakaweza kumfundisha mwingine, wameshazidi mafundi wengi mjini.

Pili, kabla ya kufuta kodi, waandike ile picha ya data iliyogandishwa wakati kodi inaingia: mizunguko, joto la injini, mwendo, mzigo. Kufuta kunaondoa ushahidi wote, na pia kunarudisha nyuma vipimo ambavyo gari hujipima lenyewe. Ndiyo maana taa inazima siku mbili halafu inarudi. Kontrol boksi ilikuwa bado haijamaliza kujipima.

Tatu, tundu la mashine lenyewe. Lina pini 16. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, ya 4 na ya 5 ni ethi, ya 6 na ya 14 ndizo waya za mawasiliano. Mashine ikigoma kuwaka, usiilaumu. Pima 16 kwa 4. Mara nyingi ni fyuzi ya kibereti cha sigara. Mashine ikiwaka ila haiongei na gari, toa betri, pima omu kati ya 6 na 14: njia nzima husoma karibu 60, kwa sababu ina vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu sifuri, waya mbili zimegusana.

Kuhusu mashine: kile kidude kidogo cha ELM327 cha bluutuu kinatosha kufundishia data hai na kodi za injini. Hakitoshi kwa ABS (breki zinazozuia magurudumu kujifunga), mifuko ya hewa wala betri ya haibridi, na vingine vya bandia vinakata mawasiliano katikati ya kazi. Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yanaweza kuwa na tundu lilelile lakini yasiongee nacho. Kijana asihitimishe kwamba kontrol boksi imekufa.

---

BushiNaBreki

Yote mazuri, ila tusiwafanye vijana waone kazi za mkono ni za kizamani. Haibridi ina boljointi, ina bushi, ina biringi za magurudumu, inapita kwenye mashimo yaleyale ya Mbagala. Barabara zetu hazijabadilika kwa kasi ya magari.

Hata hapo kuna mapya ya kujifunza. Haibridi hutumia mota kupunguza mwendo, pedi zinatumika kidogo, kwa hiyo badala ya kuisha zinakwama: pini za kalipa zinashika kutu, pedi moja inaisha na mwenzake mpya. Kila sevisi kalipa zifunguliwe, pini zisafishwe na zipakwe grisi ya silikoni inayostahimili joto, si grisi ya biringi inayovimbisha mpira. Na asisukume pistoni wala kufungua bomba la breki kwenye Prius au Aqua bila kujua utaratibu, kwa sababu mfumo unaweza kujipiga presha wenyewe mlango ukifunguliwa au pedali ikiguswa. Nenda na kitabu cha gari husika.

Kwa maoni yangu theluthi moja ya muda ibaki kwenye kazi hizi, na zifanywe kwa vipimo: spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), si "nimekaza mpaka imetosha".

---

GerejiTandika

Nashukuru sana wakuu. Ubao naanza wiki hii. Sasa nifafanulieni haibridi na gesi. Kuna kijana mmoja anataka kufungua betri ya Aqua kwa kuangalia video tu. Nimemzuia.

---

DadaWaKarakana

Umefanya vema kumzuia kaka. Aqua ina betri yenye moduli 20, kila moja volti 7.2, jumla 144. Prius ya kizazi cha tatu ina 28, jumla 201.6. Ukishafika kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) umeme hupandishwa mpaka zaidi ya volti 500. Huo hauji kwa mshtuko wa kuruka, unasimamisha moyo. Nyaya zake ni za rangi ya chungwa na hazichezewi.

Utaratibu ambao kila kijana aukariri na wewe umsikilize akiutaja kabla ya kugusa: gari lizimwe, ufunguo upelekwe mbali na gari, hasi ya betri ndogo ya volti 12 itolewe, glavu za mpira za daraja 0, zile za volti 1,000, zikaguliwe kwa kuzikunja kuanzia kwenye kifundo ili hewa inase ndani (ikivuja hata kidogo, haivaliwi), plagi ya usalama ichomolewe na anayefanya kazi aiweke mfukoni mwake mwenyewe, ili mwingine asiirudishe, wasubiri dakika 10 kapasita za inveta ziishe umeme, kisha wapime kwenye terminali kwa multimita ya volti 1,000 na kuona sifuri. Hapo ndipo kazi inaanza. Pete, saa na cheni zibaki kabatini. Na asifanye mtu peke yake kamwe.

Lakini usianzie kwenye kufungua betri. Kazi ya haibridi yenye uhitaji mkubwa, na isiyo na hatari ya namna hiyo, ni kuzuia betri isife. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia matundu karibu na kiti cha nyuma. Abiria anaweka begi pale, au fundi wa viti anafunika kwa kava jipya, vumbi linashika kwenye chujio na kwenye feni, betri inachemka, moduli za katikati zinachoka kabla ya za pembeni. Kufungua kava, kupuliza feni, kusafisha chujio na kuonyesha mteja joto la betri kwenye data hai kabla na baada: hiyo ni huduma kamili ya kuuza, na kijana wa miezi minne anaiweza akisimamiwa.

Ikija kodi ya P0A80, inayosema betri ya haibridi imechoka, wengi wanabadilisha moduli moja mbovu na kurudisha. Inafanya kazi wiki chache halafu inarudi, kwa kuwa zilizobaki zimechoka na ile mpya haifanani nazo uwezo. Moduli hazipimwi volti zikiwa zimetulia tu. Zinapimwa zikiwa na mzigo, kwa mfano balbu ya H4, kwa muda uleule kila moja, na matokeo yanaandikwa kwa namba zake. Mteja aelezwe ukweli huo kabla ya kulipa.

Gesi, yaani gesi asilia iliyobanwa (CNG). Kwenye mtungi inakaa kwa bar 200, regyuleta inaishusha mpaka karibu bar 2 kwenye nozeli za gesi katika mifumo mingi ya kisasa. Mtungi wa gesi ya kupikia haukutengenezwa kubeba presha hiyo ya bar 200, kwa hiyo haufungwi kamwe kwenye mfumo huu, hata kwa majaribio. Kufunga mfumo mpya ni kazi ya karakana zilizoidhinishwa. Pale Dar DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) wana karakana ya kubadilisha magari yatumie gesi, ulizia kwao mafunzo. Vijana wako kwa sasa wajifunze kutafuta hitilafu za magari yaliyokwisha kufungwa, na kazi hizo ni nyingi.

Malalamiko makubwa ni "kwenye petroli linakwenda, kwenye gesi linakatakata". Gesi inahitaji cheche yenye nguvu zaidi, hivyo plagi zilizochoka na koili dhaifu hujionyesha kwenye gesi kwanza. Anza na plagi kabla ya kushika kompyuta ya gesi. Lingine ni regyuleta kuganda barafu na gari kuzima: gesi ikitanuka inapoa sana, na regyuleta hupashwa joto na maji ya injini. Maji yakipungua au hewa ikinasa kwenye mipira, inaganda. Kijana anauza regyuleta mpya wakati tatizo ni lita moja ya kulanti. La tatu ni ile P0171 aliyoieleza Rewaya: ramani ya gesi (jedwali la kiasi cha gesi kwenye kompyuta yake) ikiwekwa vibaya, gari linajisahihisha kwenye gesi na kuharibu masahihisho ya petroli pia. Linganisha muda wa nozeli za petroli gari likiwa kwenye petroli na likiwa kwenye gesi, mzigo uleule. Zikiachana sana, ramani irekebishwe.

Uvujaji unatafutwa kwa maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, inapanda, kwa hiyo gereji iwe na matundu juu, karibu na paa. Hakuna kuchomelea karibu na gari lenye mtungi wa gesi.

---

Makanika_Nairobi

Habari ndugu zetu wa Tanzania. Huku pikipiki za umeme zimeshika kasi, kuna kampuni kama Roam, Spiro na Ampersand, na nyingi hutumia mtindo wa kubadilishana betri kituoni. Hilo ni la muhimu kwa mpango wako: mara nyingi betri ni mali ya kampuni, fundi wa mtaani haruhusiwi kuifungua. Usiwafundishe vijana kutegemea kazi ya betri.

Piga hesabu ya kinachopotea: oili, plagi, kabureta, klachi, vali. Fundi wa bodaboda anayeishi kwa hizo atabaki bila kazi pale stendi ikihamia umeme. Kinachobaki ni matairi, breki, shoki, biringi za usukani, cheni kwa zile zenye cheni. Na kinachoongezeka ni nyaya. Mfumo mwingi ni wa volti 72, na maji ya mvua ndiyo adui.

Hitilafu tatu zinarudi kila wiki. Pikipiki inawaka lakini haiendi: angalia swichi ya stendi ya pembeni na swichi za breki kwanza, maana zikinasa kontrola inakata mota kwa usalama. Ya pili ni kikorogeo cha mkononi, kile cha kuongezea mwendo: kina waya tatu, volti 5, ethi na ishara. Ishara ikiwa imeachiwa husoma karibu 0.8 na ikikorogwa mwisho hufika karibu 4. Ikiruka ruka katikati, kibadilishwe. Ya tatu, mota inatetemeka na kugoma kuanza: sensa za ndani ya mota. Waya tano, volti 5, ethi na ishara tatu. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono, kila ishara iwe inaruka kati ya sifuri na 5. Isiyoruka ndiyo iliyokufa, au soketi yake imeingia maji. Fungua soketi kabla ya kufungua mota!

Betri iliyoanguka, iliyovimba au iliyozama majini haichajiwi, iondolewe nje ya jengo. Na asiwepo kijana wa kuunganisha waya kupita kilinzi cha betri ili "iwake tu". Moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo.

---

AfisaUjuzi

Kuhusu vyeti na ajira. VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania) wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunza kazini bila kupita chuoni. Kijana anajiandikisha kituo kilicho karibu, anahojiwa, anapimwa kwa vitendo, anafundishwa mapengo yake, kisha anatunukiwa cheti. Pia kuna mafunzo ya uanagenzi yanayoratibiwa na serikali chini ya Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi. Gereji inaweza kuulizia kuwa sehemu ya kufundishia. Kwa wenzetu wa Kenya, mlango unaofanana ni mitihani ya NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), daraja la tatu kupanda hadi la kwanza.

Wanachoangukia wengi kwenye tathmini si kazi, ni kueleza. Anajua kufanya, akiulizwa kwa nini ananyamaza. Dawa yake ni kadi ya kazi. Kila gari liwe na karatasi: aina na mwaka, kilomita, lalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe, kipimo cha kabla, kilichofanyika, kipimo cha baada, jina la kijana. Picha ya skrini ya mashine ibandikwe. Baada ya miezi sita kila mmoja ana faili la kazi zake mwenyewe, na faili hilo analiweka mezani akiomba kazi kwenye kampuni ya magari au mgodini. Tajiri anayeajiri anaamini kadi 60 zenye vipimo kuliko barua yenye maneno mazuri.

Lugha: vitabu vya magari na ramani za umeme ziko kwa Kiingereza. Usiwapeleke kozi ya Kiingereza cha jumla. Chukueni ramani moja kila Jumamosi, maneno kumi, wayasome, wayaeleze kwa Kiswahili wakionyesha kitu chenyewe kwenye gari. Programu za akili mnemba kwenye simu zinasaidia kutafsiri ukurasa na kueleza mfumo unavyofanya kazi, wazitumie. Ila namba za toki, nafasi ya plagi na rangi za waya wasizichukue huko bila kuzithibitisha kwenye kitabu cha modeli hiyohiyo, kwa sababu zinatoa namba kwa kujiamini hata pale zisipojua.

Kabla ya kulipia kozi fupi ya "dayagnosi" uliza mambo matatu: mashine moja wanashika wanafunzi wangapi, saa ngapi ni za kwenye gari lenye hitilafu kweli, na je, mwisho kuna mtihani wa kutafuta hitilafu iliyopandikizwa. Zaidi ya wanne kwa mashine, au mtihani wa maandishi tupu, hifadhi hela yako.

Na wafundishe kutoza ada ya kupima, tofauti na ada ya kutengeneza. Fundi asiyelipwa kupima atalazimika kuuza spea ili ale, na hapo ndipo kubahatisha kunaanzia. Mteja aambiwe mapema: kupima ni kiasi fulani, utapewa majibu kwa maandishi, ukitengenezea hapa au kwingine ni hiari yako.

---

GerejiTandika

Hapo kwenye ada ya kupima mmenifungua macho. Swali la mwisho: fedha za vifaa ni chache, haziwezi kununua vyote mara moja. Ninunue kwa mpangilio gani?

---

MwalimuWaKarakana

Mwezi huu: multimita tatu za wastani zenye fyuzi kwenye tundu la ampea na alama ya usalama ya CAT III 1,000V, ili hizohizo zije kutumika kwenye haibridi. Moja kwa wawili wawili, wewe unakaa na kijana wa tano. Ongeza koleo nzuri ya kubana terminali. Wasizoee kuchomelea waya kwa risasi sehemu zinazotikisika, hukatika pale risasi inapoishia. Vifaa vya ubao toa kwenye magari yaliyokufa.

Mwezi wa tatu, kidude cha ELM327 kimoja kilicho kizuri, na simu ya zamani iliyotengwa kwa kazi hiyo tu. Mwezi wa nne spana ya toki, kama huna. Mashine kubwa inayosoma ABS na betri ya haibridi ingoje mwezi wa tano, na inunuliwe kwa fedha ya ada za kupima zilizoingia, iwe na leseni ya kupata masasisho, kwa sababu nyingine huuzwa rahisi halafu magari ya miaka miwili ijayo haziyajui. Glavu za daraja 0 ziwe jozi mbili pamoja na zile za ngozi za kuvaa juu yake, zinunuliwe siku ileile na mashine kubwa. Andika tarehe ya kununua kwenye kifundo, na zihifadhiwe mbali na oili, jua na spana zenye ncha.